Simbilisi Jike Kutoka Muleba

Nyanga, Jumatano jioni

Kaka yangu Mutalemwa ameniharibia nyumba bila hata kutoka kwake Muleba. Asubuhi jirani yake alipita hapa na kikapu, ndani yake simbilisi jike, mnene kama panya aliyekatwa mkia. Zawadi, eti, kwa sababu simbilisi wangu wawili madume, ninaowafuga jikoni, ni wapweke.

Wapweke! Ndugu wa tumbo moja, wamelala sanduku moja tangu wadogo, wakigawana ganda la ndizi bila kusukumana. Nikamwingiza jike humo humo, mjinga mimi. Kabla ya mchana walikuwa wameshang'atana masikio, damu kwenye nyasi.

Mke wangu akasema, "Baba Koku, wasugue wote maganda ya ndizi, wanuke sawasawa, watasahau." Nikawasugua. Wakapigana wakinukia ndizi.

Nimemtoa jike, hawajaacha. Nimeweka ubao katikati ya sanduku, bado wanasagiana meno, huyu upande huu, yule upande ule. Naogopa hawatalala pamoja tena.

Nilimpigia Mutalemwa. Akacheka. "Waache tu. Mimi na wewe si tuligombania kibanja cha baba, tukapatana?"

Hatukupatana. Yeye alibaki na kibanja na migomba yake yote, mimi nikahamia huku.

Kesho mimi mwenyewe ninampelekea jike wake Muleba. Sijakanyaga pale tangu tulipomzika baba. Kinachonikera zaidi ni kwamba atanichinjia kuku, akidhani nimekuja kumwomba radhi.