Ijumaa Sikuosha Kichanganyio

Jumanne, Anderlecht. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba ya huku ugenini ambayo hailoweshi mtu mara moja, humwingia polepole. Moyo wangu mzito. Haya sina wa kumwambia, basi nayaandika.

Nina wivu.

Wivu wenyewe una jina: Nadège. Ni binti wa Lubumbashi, ana miaka ishirini na tisa, alikuja kwenye maabara yetu kule Auderghem mwaka jana. Mimi, mtu wa Bukavu, nina miaka kumi na mmoja pale, nikipima dawa kabla hazijaenda kwa wagonjwa. Nilimfundisha kwa mikono yangu: kuchuja maji, kutoa hewa kwenye chupa, kusikia pampu inapoanza kukwama. Ananiita Maman Espérance. Akicheka, watu wa chumba cha pili huja kuuliza kuna nini. Nikicheka mimi, hakuna anayegeuka.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mkuu wetu alitukusanya akatangaza kwamba mashine mpya ya kromatografia, ile inayotenganisha vilivyomo ndani ya dawa ili tuvipime kimoja kimoja, itakuwa mikononi mwa Nadège. Mimi nitakuwa msaidizi wake, kazi yangu kuandaa vimiminika na kusafisha. Wote wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu kuliko wengine.

Ndani ya mashine hiyo kuna kitu kidogo cha chuma, kinene kama kidole gumba. Ndicho kichanganyio. Pampu moja huleta maji yenye chumvi, nyingine huleta kiyeyusho, na humo ndimo viwili hivyo huchanganyika. Kazi ikiisha lazima kioshwe kwa maji safi, nusu saa nzima. Usipokiosha, chumvi hukauka na kuziba vitundu vyake, ambavyo kwa macho havionekani. Hilo nimelisema kwa kila mgeni aliyepita pale.

Ijumaa sikukiosha.

Sikusahau. Majaribio ya mashine yalipoisha jioni ile, nilisimama mbele yake nikiwa nimeshavaa koti, nikajiambia: ni yake, aioshe mwenyewe. Nikazima. Kisha nikachukua daftari nikaandika kwamba kimeoshwa, nikatia sahihi. Kwenye kazi yetu, sahihi ya uongo ni kosa kubwa kuliko kuvunja mashine.

Jana asubuhi Nadège alianza kupima dawa ya maji ya watoto, iliyokuwa ikisubiriwa. Mstari kwenye skrini, ambao hutakiwa kutulia, ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Akabadilisha chupa, akatoa hewa kwenye pampu, akarudia vipimo. Sampuli za nusu siku zikaharibika. Akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia sijui. Niliona jasho juu ya mdomo wake, na kitu ndani yangu kikafurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini kilifurahi.

Saa nane mchana alikifungua kichanganyio. Kilijaa chumvi nyeupe. Mkuu alikuja akauliza ni kosa la nani, nami nikangoja nitajwe. Nadège alijibu kwa upole kwamba mashine ni yake, na kwamba hakuikagua kabla ya kuanza.

Ningepaswa kushukuru. Badala yake wivu ulizidi. Hata kosa langu amelibeba vizuri kuliko ambavyo ningelibeba mimi.

Leo asubuhi, kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, Nadège alipanda kituo cha Gare de l'Ouest akaja kukaa karibu nami. Nilikuwa nimepanga kuongea habari za mvua. Nikajikuta nasema, "Nadège, ile chumvi ni mimi."

Hakunitazama. "Najua, maman. Ordinateur inaonyesha pompe zilizimwa vendredi, seize heures. Haukuosha." Kumbe kompyuta ya mashine huandika kila pampu zinapozimwa, na Ijumaa nilizizima saa kumi jioni, pale pale kazi ilipoisha.

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja.

"Juu ni wewe ulinifundisha," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe mwenyewe. Bon, ya jana nimebeba. Ya pili sitabeba."

Tulipofika kazini nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu, koti likiwa bado limelowa, nikamweleza yote, pamoja na ile sahihi. Aliyaandika niliyosema. Kisha akaniambia kazi sijapoteza, lakini barua ya onyo itaingia kwenye faili langu. Na mashine sitaigusa mpaka nifundishwe upya namna ya kuitunza, hatua kwa hatua, na atakayenifundisha athibitishe kwa maandishi kwamba nimeweza.

"Nadège ndiye atakayekufundisha," alisema. "Kesho, saa tatu."

Nadège alipoambiwa hakucheka. Laiti angecheka, ningepata sababu ya kumchukia.

Bado namwonea wivu. Nilidhani nikishasema ukweli utaondoka, kumbe ukweli ni kitu kimoja na wivu ni kingine. Kesho nitakaa kando ya mashine na mtu niliyemfundisha mimi atanionyesha chupa ya maji safi inawekwa wapi, nami nitaitikia ndiyo, nimeelewa. Mwishoni atatia sahihi chini ya jina langu.

Hilo naliweza. Ninachojiuliza ni kimoja tu: je, nitaweza kumwambia asante bila sauti yangu kubadilika?