Mbao Zilizotolewa Siku ya Sita

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mwanao wa mwisho ameshapona ile homa. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mzito, na utaona kwa nini.

Mwaka huu chuo kilitutaka wahadhiri tufundishe kwa habari za mitaa yetu, si kwa mifano ya vitabu vya mbali tu. Wenzangu walinung'unika. Mimi, kwa kiherehere changu unachokijua, niliwaambia wanafunzi wangu wa ujenzi kwamba tutachunguza lile paa la zege la baraza ya shule yetu ya msingi, lililoanguka tukiwa watoto. Nilidhani nitawafundisha zege, basi.

Unakumbuka mtaa ulivyoamua: fundi aliiba saruji. Hakupata tena kazi ya maana. Amezeeka akiziba nyufa za vyoo vya watu. Wewe uliyevunjwa mguu siku ile hujawahi kuitikia salamu yake, na hakuna aliyekulaumu.

Wanafunzi walichukua vipande vya zege lile, ambavyo bado vimerundikwa nyuma ya shule, wakavipima maabara. Saruji haikupungua hata kidogo. Wakazunguka kwa majirani, na mama aliyekuwa akiwapikia mafundi akawaeleza kwamba mbao za kushikilia zege zilitolewa siku ya sita baada ya zege kumwagwa, wakati zilitakiwa zikae wiki tatu au zaidi. Zilipakiwa kwenye lori zikapelekwa kwenye jengo jingine.

Tukamwalika fundi darasani. Alikuja na koti lililopigwa pasi. Msichana mmoja wa mbele akamuuliza ni nani aliyeamuru mbao zitolewe. Mzee wa watu alinitazama kitambo, kisha akasema ni zamani, amesahau. Wanafunzi wakaandika kwamba amesahau. Nilimsindikiza hadi getini. Pale aliniuliza kama mguu wako bado unakusumbua wakati wa baridi.

Dada, hakusahau. Aliyeamuru ni baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa majengo yote mawili. Alinieleza mwenyewe wodini, wiki yake ya mwisho. Fundi alikataa, baba akatishia kumfukuza. Paa lilipoanguka, baba alinyamaza akauacha mtaa useme. Alilia, akaniomba nimwambie yeyote nimtakaye ila wewe, maana yeye ndiye aliyekukanda mguu ule kila jioni, nawe ukimshukuru. Nimekaa na neno hili miaka tisa. Hata mbele ya mzee yule nilikaa nalo, na ninajionea haya.

Jumamosi wanafunzi watasoma taarifa yao palepale shuleni, mbele ya watu wa mtaa. Nitasimama nimtaje baba. Najua wewe ndiye unayeishi katika nyumba yake, na wewe ndiye utakayenyooshewa vidole sokoni. Sina cha kukufariji. Sikutaka tu uyasikie haya ukiwa umeketi katikati ya watu.

Nisalimie shemeji na watoto. Nitafika Ijumaa jioni. Usiponifungulia mlango, sitagonga mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako,
mwalimu wa zege