Kompyuta Yangu Inamwandika Bibi Hajambo

Bi Khairat mpenzi, naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana tatizo langu si mume wala mawifi, mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Mbweni, nimeifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili, yaani kila namna ya kupanga maneno inapewa uwezekano wake kwa kadiri ilivyosikika katika mazungumzo niliyorekodi, lengo mgonjwa aseme na simu, kompyuta imwandikie daktari, na ilikwenda vizuri mpaka nilipoijaribu kwa bibi yangu, Bi Mize wa Makunduchi, akajifanya mgonjwa, akasema kwa Kimakunduchi chake kuwa kifua kinambana, kompyuta ikaipa sentensi yake sifuri, ikaandika iliyoizoea, kwamba hajambo, bibi akaniuliza, "Kwani mie si mtu?" nikalia, na la ajabu Makunduchi nilikwenda kurekodi mwenyewe, nikatandikiwa mkeka, nikaletewa chai, wazee wakazungumza nami vizuri kabisa, sasa msimamizi wangu anasema nizitoe sentensi za bibi kwenye majaribio ili nihitimu, na kuhitimu nataka, nifanye nini?

Salhiya

Salhiya, pole, futa machozi. Hesabu zilinishinda tangu skuli, lakini hili naliona. Walizungumza nawe vizuri kwa sababu ulikuwa mgeni wa mjini! Mzee gani wa kule atamsemesha mgeni Kimakunduchi? Walikuvalia Kiswahili cha mjini kama walivyokuvalia kanzu safi, nawe ukadhani ndivyo wanavyoshinda nyumbani. Kompyuta imejifunza ulichoipa. Sifuri ile si ya bibi yako, ni ya masikio yako.

Na unataka kumfuta ili kazi yako ipendeze? Siku kifua kitakapombana kweli, daktari akasoma hajambo, shahada hiyo utaitundika wapi? Usiniudhi.

Rudi Makunduchi. Omba ruhusa ya kurekodi, kisha usikae mkekani, ingia jikoni ukune nazi, waache wabishane wenyewe kuhusu chumvi mpaka wakusahau. Changanya sauti hizo na za mjini, ifundishe upya. Sentensi ambayo haijawahi kusikika ipewe fungu dogo la uwezekano, isipewe sifuri, na kompyuta ikiwa na shaka imuulize mgonjwa, isimjibie. Msimamizi mpe matokeo yote, mabaya na mazuri. Atanuna, mwache anune.

Siku ya kutetea kazi yako, mkalishe Bi Mize mbele, aseme yeye kwanza. Kompyuta ikimwandika alivyosema, umefaulu. Ikimwandika hajambo, rudi jikoni.