Kumsoma Bibi Hadi Kitete

Jumatatu, 4 Machi
Mashairi ya Kiingereza ya Kidato cha Pili B. Madaftari hamsini na mawili, chai imepoa. Wengi wamenakiliana: jua linachomoza, ndege wanaimba. Nimechoka na ndege. La Nyamizi tu ndilo lenye mtu ndani yake. Ameandika kwamba kila Ijumaa "I read my grandmother" hadi hospitali ya Kitete, kusafishwa kidonda. Bibi yake haoni. Alitaka kusema anamwongoza, "lead", akaandika anamsoma. L na R, ugonjwa wetu Wanyamwezi. Nimelikata neno hilo kwa wino mwekundu. Kumbe ndiyo sababu ya Ijumaa zake. Hata hivyo utoro ni utoro, nitaendelea kumwandika mtoro.

Jumanne, 5 Machi
Nilimsimamisha asome shairi lake. Alipofika kwenye "read", mmoja akauliza kama bibi ni gazeti. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipokuwa na umri wake nilichapwa kwa kusema "lafiki". Nyamizi alikaa, akafunika daftari kwa kiwiko.

Alhamisi, 7 Machi
Hajaandika hata mstari mmoja. Baada ya kipindi nilimwita, nikamwambia ana kipaji. Akaangalia viatu vyake.
"Madam, Kiingereza kimenikataa. Nitakuwa nanakili ya ubaoni tu."
Nimejichukia mchana kutwa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeomba ruhusa, nikaenda Kitete kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Mtoto wa kiume, kelele tupu.
Njiani, mbele yangu, Nyamizi na bibi yake wameshikana mikono. Nilitaka kuwapita haraka, kwa aibu. Nikasikia sauti ya Nyamizi, nikapunguza mwendo.
Alikuwa anamsomea. Kibao cha fundi cherehani. Bei ya mchele iliyoandikwa kwenye boksi. Maneno ya nyuma ya bajaji, bibi akacheka. Kisha akasoma na yasiyoandikwa: mama wa maandazi ana kitenge kipya, katekista anakuja na baiskeli, amenuna. Bibi akamsalimia katekista kabla hajawafikia.
Bibi akauliza nyuma yao kuna nani. Nyamizi aligeuka.
"Madam wa Kiingereza," akasema, chini chini.
Nikamwamkia bibi.
"Marahaba, mwanangu. Mbona wewe amekusoma kwa sauti ndogo hivyo?"
Nikamwambia kosa ni langu. Akanishika mkono, hakuuliza kosa gani.
Neno lilikuwa sahihi. Labda hakulikusudia, lakini lilikuwa sahihi. Anamwongoza kwa kumsomea. Mimi na kalamu yangu nyekundu.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napanga maneno ya kesho. Mwalimu kuomba radhi mbele ya watoto hamsini na wawili! Na kama atakataa kusoma?

Jumatatu, 11 Machi
Nimeomba radhi. Niliandika maneno yote mawili ubaoni, nikasema shairi la Nyamizi linayataka yote mawili, na kwamba mimi ndiye niliyesoma vibaya. Nyamizi hakuinua uso. Nikamgeukia, nikavuta pumzi, nikamwomba kwa Kiingereza changu safi cha miaka kumi na moja ya ualimu: "Please, lead us your poem."
Niliisikia L yangu mahali pa R nikiwa nimeshachelewa.
Wa kwanza kucheka alikuwa Nyamizi. Kisha wote, na mimi. Alipomaliza kucheka akasimama, akasoma shairi lote, "read" ikiwa palepale. Hakuna aliyecheka tena. Nilijifanya natafuta chaki.

Ijumaa, 15 Machi
Manyunyu tangu asubuhi. Kipindi cha kwanza, nimeita majina. Nyamizi hayupo. Sijaandika mtoro. Kwenye nafasi ya maelezo nimeandika: anasoma.