Kufuli Juu ya Meli ya Tharwat

Jumamosi, 4 Oktoba

Niseme wazi, maana hapa Port Said hakuna wa kunibishia: Mfereji huu unakwenda kwa ajili yangu. Babu zetu waliuchimba kwa majembe, Mfaransa akachukua sifa, lakini anayejua nani anapita na nani kakwama ni mimi, Bayumi wa kivukoni. Ile meli ndefu ilipokwama mshazari ikaziba biashara ya dunia nzima, nani alisema wasubiri maji yajae kwa mwezi mpevu? Mimi! Nilisema mkahawani, kwa sauti. Hawakuja kunishukuru. Lakini walisubiri.

Sasa sikia balaa la leo. Nimefungua duka, nimezipanga kofia na miwani ya jua, nimeagiza chai, nimetoa simu nitazame meli ya Tharwat. Huyo ni mtoto wa dada yangu Inshirah, fundi wa mitambo melini. Dada anakaa ghorofa ya juu ya duka langu. Kila asubuhi natazama ule mtandao unaoonyesha kila meli iko wapi, kisha napaza sauti dirishani kwake: mwanao yuko mahali fulani, bahari shwari, kunywa kahawa yako.

Leo — kufuli! Kufuli la njano limekaa juu ya meli ya mtoto wetu kama la ghala la serikali. Na picha ya msichana anacheka meno thelathini na mbili. Maandishi ya Kiarabu cha redio: asante kwa kuwa nasi miaka yote hii, sasa chagua mpango unaokufaa. Mpango! Mpango unaonifaa ni ule wa jana — kutazama bure.

Inshirah kafungua dirisha. Kaka, yuko wapi leo?

Nikamjibu: yuko palepale, anakuja.

Si uwongo. Meli gani haiko mahali? Na ipi haiendi?

Jumapili, 5 Oktoba

Kufuli bado lipo. Nimezima simu nikaiwasha. Nimeufuta ule mtandao na kuununua upya — maana yangu nimeupakua upya. Msichana yuleyule, meno yaleyale.

Mkahawani Gharib ameninusa. Huyu Gharib alikuwa karani kwa wakala wa meli, amestaafu, sasa kazi yake ni kunywa shisha na kuninyima raha.

"Admirali! Leo mbona hakuna taarifa ya habari?"

"Nimechoka kuwafundisha watu wasiolipa karo."

"Wallahi? Mimi nilisikia wamekufungia."

Wote wakacheka, hadi mpeleka chai. Nikawaeleza haki ilivyo. Meli iko baharini, bahari ni ya Mungu. Meli yenyewe ndiyo inayopiga kelele hewani, "mimi niko hapa!", ili isigongwe. Mtu wa kawaida anaweka antena juu ya paa lake, anaidaka ile kelele, anawapa wenye mtandao bure. Yule mwalimu wa Port Fuad, ng'ambo ya kivuko, antena yake mimi ndiye niliyemshikia ngazi! Siku hiyo upepo ulinibeba nikaning'inia kwenye bomba dakika kumi, huku chini meli tatu zimesimama kunitazama. Leo wao wanatuuzia kelele zetu wenyewe!

Gharib akasema: ungeweka antena yako, si kushika ngazi ya mwenzako, ungeonja faida.

Nimeondoka bila kumaliza domino.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku mbili nahangaika na mitandao mingine. Loh!

Wa kwanza ni bure, lakini unaonyesha mahali meli zilipokuwa juzi. Juzi hata mimi nilikuwa kwingine! Wa pili ni bure kabisa, unapendeza, una ramani safi — ya Norwei tu. Wa tatu unasema tazama tangazo kwanza. Nikatazama tangazo la dawa ya magoti. Nikatazama la pili. La tatu. Halafu: asante, sasa jiandikishe kwa kadi. Magoti yenyewe yameanza kuniuma sasa hivi.

Nikaenda kwa Madiha wa duka la simu. Nikamwambia, binti, mimi si mtu wa kushindwa kulipa, hili ni jambo la heshima tu. Akacheka. Mjomba, wanataka dola, kwa kadi ya benki. Kadi yangu mwenyewe inakataa nikinunua nje. Hata ya mume wangu inakataa.

Nikamuuliza: hawapokei kwa simu kama watu?

"Watu wapi, mjomba? Hawa hata hawajui kama upo."

Hawajui kama nipo! Mimi!

Jumatano, 8 Oktoba

Leo Inshirah kateremka. Yeye hateremki ovyo siku hizi, tangu alipofiwa na mumewe majira ya baridi yaliyopita. Shughuli za mazishi zote nilizibeba mimi. Tharwat alikuwa upande wa pili wa dunia, hakuweza kuja, na simu yake aliidondosha baharini kwa kulia. Tangu hapo anaazima simu za wenzake, neno moja leo, jingine mwezi ujao.

La mwisho lilikuja wiki iliyopita: tunapakia ngano bandari ya Konstanta, tukimaliza tunashuka, tutapita Mferejini. Meli ni ya bluu, ina kreni za njano. Mwambie mama.

Basi Inshirah kakaa juu ya kigoda cha wateja, kashika mikono.

"Kaka Bayumi. Unasema anakuja, anakuja. Siku gani?"

"Utapata taarifa."

"Nataka kusimama pale ukingoni apite."

"Utamwona, dada. Kwani mimi kazi yangu nini?"

"Si mimi nimwone. Yeye anione." Akatazama viatu vyake. "Alipopigiwa simu ya baba yake, alinisikia nalia. Sauti ya mwisho aliyonayo kichwani ni hiyo. Nataka anione nimesimama kwa miguu yangu, nimevaa gauni la rangi. Basi. Akishapita aende zake India na moyo mweupe."

Nikamwagizia chai. 

Baadaye nikasema: dada, haki ya Mungu, nitakuonyesha meli ile ingali nukta, kabla rubani mwenyewe hajaiona.

Nikaingia ndani nikalipiga lile kufuli kwa kidole mpaka simu ikaandika kwamba imepata moto kupita kiasi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepiga hesabu mwenyewe. Wazee walivuka bahari bila intaneti! Konstanta hadi hapa, ukihesabu Istanbul ambako lazima wasubiri zamu, ukaongeza upepo wa wiki hii... Ngano ni nzito. Lakini nahodha ni Mgiriki, na Mgiriki akinusa Port Said anaongeza mwendo, hilo nalijua tangu nikiwa nawauzia mazulia kwa mashua. Hesabu yote inaangukia kesho alfajiri, katika msafara wa meli za kwenda kusini.

Nimempigia kelele Inshirah kutoka barabarani, majirani wote wasikie: kesho! Kesho alfajiri!

Akapiga kigelegele. Tangu msiba sijakisikia.

Gharib alikuwa anapita na mkate. Kaniuliza umeambiwa na nani.

"Na bahari."

"Bahari ina kadi ya benki?" — akaenda zake anacheka. Mtu huyu atakufa na wivu.

Ijumaa, 10 Oktoba, asubuhi

Tumeonana naye! Tumemwona! 

Tumefika ukingoni baada tu ya sala ya alfajiri. Inshirah amevaa gauni la zambarau la harusi ya binamu yetu, na kitambaa chekundu cha mezani amekikunja kwapani cha kupungia. Kachukua na kopo la kome waliochachuliwa kwa limau, ati huenda wavuta kamba, wale wa mashua za kufungia meli, wakampelekea. Nikamwambia meli haisimami kwa ajili ya kome. Akasema ni kwa ajili ya Tharwat kuona kopo.

Ukungu kidogo. Gharib naye kaja! Kajifunika shali. Anasema usingizi umemkimbia. Uongo, alitaka kuona nikiaibika.

Ya kwanza ikapita, nyekundu, makontena tu. Ya pili ya mafuta. Ya tatu — bluu! Kreni za njano! Inakuja polepole, inajaa mbele yetu kama jengo linalohama mtaa. Nikapiga mayowe: ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, Inshirah!

Gharib kanivuta mkono wa shati. Admirali, hebu soma vizuri, ananiambia chinichini. Nikamsukuma. Nikamwambia wewe nenda ukalale, leo si siku yako.

Inshirah kafungua kile kitambaa akakipunga kwa mikono miwili. Akawa anaita, Tharwat! Mimi hapa! Mzima! Niko mzima, mwanangu! Wenye mikate wakasimama. Abiria wa kivuko wakaanza kupunga nao. Na kule juu kwenye reli mtu kajitokeza, mtu mwembamba mwenye nguo ya kazi, akavua kofia, akaipunga. Akaipunga mpaka meli ikapita ghala.

"Kakonda," anasema dada. "Lakini ameniona. Umeona alivyovua kofia?"

Nikasema nimeona.

Gharib kamsaidia kukunja kitambaa.

Tumerudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Anatembea kama msichana. Wacha waweke makufuli yao! Wamfungie nani? Bayumi?

Ijumaa, alasiri

Ya Rabi.

Nimetoka kuswali, nimekula samaki wangu, nimejilaza. Simu ikalia. Namba ya kigeni. Meseji, kwa Kiarabu:

Mjomba, ni mimi Tharwat, simu ya mpishi. Tumefika nje ya Port Said mchana huu, tumetia nanga, tunaona minara ya mji. Tunaingia na msafara wa kesho alfajiri. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wangu nisimame nje, upande wa kulia. Mwambie mama asimame karibu na kivuko. Nimwone tu. Usiku silali.

Nimeisoma mara nyingi. Haibadiliki.

Yule aliyevua kofia ni mtoto wa nani? Labda Mfilipino. Labda hata yeye ana mama mahali.

Nimefikiria nisiseme. Dada kashafurahi, furaha ni furaha. Kesho niende mimi peke yangu, nivae kitambaa chekundu kichwani, nipunge kwa mbali. Gauni la zambarau je? Astaghafirullah, nimefikia hapo! Na yeye yule kijana, usiku halali, asimame kwenye reli atazame ukingo, aone mjomba mnene mwenye kitambaa cha meza?

Nimempigia Gharib. Sijui kwa nini yeye. Nikamwambia ile meli ya asubuhi haikuwa yenyewe. Akasema, bila kejeli, na hilo ndilo limeniudhi zaidi: nilijua, Bayumi. Nilisoma jina. Lakini nilipomwona dada yako anapunga, ningesemaje?

"Ungenipiga kofi!"

"Nilikuvuta shati. Ukaniambia nikalale."

Nikamkatia simu.

Sasa niko kwenye ngazi, baina ya mlango wangu na wake. Nimepanda, nimeshuka, nimepanda tena. Ndani kuna wanawake wa jengo zima, nawasikia, wanakula halawa. Anawasimulia. Alivua kofia, anasema, akanitazama hivi. Kaona gauni. Kaona niko sawa. Kisha anasema: na ni kaka yangu huyu, nyie mnamcheka, yeye ndiye aliyeitambua kutoka mbali, hakuna meli asiyoijua.

Mmoja akasema Mungu amweke.

Nikibisha hodi watanikaribisha kwa vigelegele. Na swali la kwanza la Inshirah nalijua. Ataniuliza: kaka, jina la meli si limeandikwa ubavuni, herufi ndefu kuliko mtu? Ilipita mbele ya pua yako. Ulikosaje?

Limeandikwa, ndiyo. Nililitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Lugha saba nazisema, mabaharia wote mashahidi — lakini shule niliiacha kabla hatujafika kwenye herufi za kigeni, na sijawahi kusoma jina la meli hata moja. Kule kwenye simu, Tharwat mwenyewe alinitilia nyota juu ya meli yake siku anaondoka. Mimi nilikuwa nabonyeza nyota tu.