Kupindua Kola ya Colonel

Siku ya kwanza, 6/10

Mvua tangu asubui. Zipu moja, rinda ya komunyo, kola mbili. Mashini ya kushona inalia, nimeitia mafuta.

Muzee Colonel amekuya na shati yake. Si colonel wa kweli. Ni sentineli, mulinzi wa kanisa ya paroisse hapa Katoyi, tunamuita vile juu ya kutembea kwake kama askari. Kola imekwisha kabisa. Nitaifungua, niipindue, upande uliooza uende ndani. Nimeandika kwa kaye: "Kupindua Colonel. Siku ya posho, asubui mapema." Ni siku ya sita, kesho yake siku ya Mungu.

Kaye yenyewe, daftari la shule, ni ya bwana yangu, Papa Bahati, mwalimu wa historia. Mbele kuna somo lake, nyuma kurasa zilibaki nyeupe. Mimi situpi karatasi nzuri.

Siku ya pili, 7/10

Nilikuwa nachagua maharagi, Papa Bahati akanisomea lile somo. Ni juu ya kudeta, kupindua serikali, zile zilizoshindwa. Anazilinganisha: za kwetu, za majirani, za mbali. Swali moja tu: mbona mukubwa wa kudeta hahukumiwi haraka? Anajibu: anajua siri za wale wanaopaswa kumuhukumu. Ana watu bado porini. Ana pa kukimbilia, ngambo ya mupaka. Na kesho watamuhitaji. Lakini askari mudogo aliyemubebea sanduku, huyo anahukumiwa jua halijazama.

Somo zuri, siwezi kudanganya. Nikamwambia asilifundishe mwaka huu. Akacheka. Nilikasirika. Muji una wenyewe wapya, na hao hawacheki.

Siku ya ine, 9/10

Wamekuya, askari wa hao wenyewe wapya. Walikuwa wanapekua nyumba kwa nyumba, wanatafuta bunduki. Kaye ilikuwa juu ya mashini. Mumoja alisoma nyuma, akamuita mwenzake, wakaniinamia: "Kupindua Colonel?" Nami, mujinga, nikasema ndiyo, siku ya posho itakuwa tayari!

Wakaenda nayo.

Walipofika barabarani ndipo nilisikia nilichosema. Yesu Maria. Na mbele somo lote la kudeta, vichwa vya habari kwa kalamu ya bic nyekundu! Mutu akisoma mbele na nyuma anaona mpango wa kupindua wakubwa na siku yake.

Siku ya tano, 10/10

Walirudi. Nikasema ni mimi niliandika. Papa Bahati akasema maandiko ya mbele ni yake. Hakuna mutu alimuuliza. Wamemuchukua yeye, na kandambili miguuni.

Niko naogopa. Sijapika. Bahati, mutoto wetu, anauliza papa iko wapi, namupigia kelele, kisha nalia. Mwenye nguvu mupishe, mama yangu alisema kila siku. Sisi tulisimama katikati ya njia na kaye.

Siku ya posho, 11/10

Muzee Colonel amekuya kuchukua shati. Asubui mapema, vile niliandika. Nilimweleza. Alivua kofia, akakaa. Kisha akasema: "Twende, mama. Colonel ni mimi." Angeweza kurudi kwake. Sitasahau.

Nilibeba shati, bado sijaigusa, na makasi, na sindano. Kwa kambi yao, mukubwa wao alikuwa kwa meza, kaye wazi mbele yake. Nikafungua kola hapo hapo, uzi kwa uzi, nikaipindua, nikashona. Nilijichoma mara mbili. Muzee akaivaa. Mukubwa alicheka mpaka machozi. Nilimuchukia sana.

Nikafikiri imekwisha. Akageuza kaye, upande wa mbele. Alikuwa amesoma yote. Wakamuleta Papa Bahati, jicho moja limevimba.

"Mwalimu," alisema, "na mimi uliniweka wapi?"

Ndipo nilikumbuka jina lake. Lilisemwa redioni, bado niko musichana. Alijaribu kupindua serikali, akashindwa, akakimbia, akasamehewa. Sasa iko hapa.

Akamupa bic. "Uniongeze."

Papa Bahati aliandika jina, chini ya wale waliosamehewa. Mukubwa aliangalia kama herufi ziko sawa. Akatuambia twende.

Siku ya Mungu, 12/10

Misa ya kwanza. Papa Bahati hakuimba. Mukono wake wa kuandika ameuweka mufukoni, hata wakati wa kupeana mikono ya amani hakuutoa.

Kaye walimurudishia. Hataki kuigusa. Nilimuuliza kesho atafundisha nini. Akasema Wamisri wa zamani.

Mchana mukubwa alituma shati mbili. Kola zimechakaa. Nimezishona leo leo, siku ya Mungu, naye Mungu anisamehe. Upande uliooza uko ndani, juu inaonekana mupya. Nimepiga pasi.

Nimeandika kwa kaye: "Kola, mbili." Lile neno lingine nimeliacha.