Anwani ya Mlisho ni Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amefanya kweli. Ameuza podkasti yetu — yangu! — kwa kampuni yenye app yake. Sasa ukitaka kutusikiliza sharti ujisajili humo. Kaniambia mezani, dada akipakua chakula, kama anayetaja hali ya hewa. Eti mlisho wa wazi, ule unaopeleka vipindi bure kwenye app yoyote, umepitwa na wakati. Eti mimi nibaki kuwa "sauti". Dada akasema jamani, msigombane, tuleni. Nikavuta sahani. Atakiona kilichomtoa kanga manyoya.

Jumatano, 5 Machi
Nimecheka mpaka nikapaliwa. Kauza jina na picha, kasahau anwani! Mlisho uko kwenye tovuti niliyoifungua mwenyewe. App zote za kusikilizia, iwe ya nani, zinakuja kupiga hodi pale pale. Nikiweka kipindi, kinashuka chenyewe kwenye simu za watu. Hakuna bawabu wa kuombwa ruhusa. Kikishatoka, hata kampuni yake haiwezi kukirudisha.

Na cha kuweka ninacho. Wiki jana aliacha kinasa kinawaka humu stoo, tunamorekodia katikati ya magodoro ya kuzuia mwangwi, akapiga simu. "Wasikilizaji ni ng'ombe tu, bwana. Wafungie zizini, uwakamue." Neno kwa neno! Halafu kuna kipande kinachomhusu dada: mkataba ukikamilika shemeji anahama nyumba, mke "ataambiwa baadaye". Hicho nitakikata. Dada hana kosa.

Ijumaa, 7 Machi
Watu wa kampuni wamekuja nyumbani. Shemeji kaniita "msanii wangu" mbele yao. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekirusha! Utangulizi wangu mkali, kisha yeye na ng'ombe wake. Ujumbe unamiminika. Fundi viatu wa pale kona, msikilizaji wetu wa kwanza kabisa, anasema hahami ng'o. Shemeji anapiga simu, sipokei. Apige mpaka vidole vichoke.

Mungu wangu. Fundi kaandika tena: dada yako anajua kwamba mumewe anahama?

Nimepandisha faili zima. Lile ambalo halijakatwa. Nilikuwa na haraka — au sijui nilikuwa na nini. Nimelifuta kwenye tovuti. Kazi bure! Limeshashuka kwenye simu za watu. Halirudi. Si nilijisifu mwenyewe juzi?

Dada hunisikiliza kila Jumamosi akipiga pasi. Chumba chake kinapakana na hii stoo. Nimeondoa godoro moja ukutani nisikie. Sauti yangu hiyo, upande wa pili. Utangulizi.

Naweza kukimbia nikamwambia dada, zima, kipindi kina hitilafu. Naandika nimesimama. Miguu haitaki. Na, niseme ukweli, nani anasoma humu? Roho nayo haitaki. Nataka shemeji akirudi akute anajulikana.

Ng'ombe wamepita. Dada hakucheka.

Pasi imewekwa chini.

Ameongeza sauti.